Redio Iliyong'olewa Bure

Kuna mwalimu mmoja mstaafu hapa Chake Chake, watu humwita Maalimu tu, aliyenunua gari yake ya kwanza uzeeni. Ni Toyota ndogo kutoka Japani. Ilishuka bandarini Malindi, Unguja, ikavushwa hadi Mkoani, kisha ikaendeshwa kwenye vilima na kona mpaka Machomanne. Alichokipenda zaidi humo ndani si kiyoyozi wala viti. Ni simu. Wanawe wametawanyika Unguja, Dar es Salaam na Maskati, na kijana aliyemletea gari alimwonesha kwamba wakipiga atabonyeza kitufe kwenye usukani na kuzungumza nao bila kushika simu.

Miezi ya mwanzo mambo yalikwenda vizuri. Kisha wote wakaanza kulalamika kwa neno moja: "Baba, hatukusikii, sauti yako iko mbali." Yeye aliwasikia wazi kabisa. Aliongeza sauti ya redio, hakukuwa na tofauti. Akaanza kusema kwa nguvu, hata binti yake wa Maskati akadhani baba amekasirika na kosa halijui.

Hapa ningependa msomaji asite kidogo, kwa sababu jawabu lilikuwa limeshatajwa na hakuna aliyelishika. Ikiwa Maalimu anawasikia, basi simu yake imeungana na gari, Bluetooth inafanya kazi, redio inapokea sauti na spika ni nzima. Cha kushuku kwanza ni kipande kimoja cha njia: kutoka kinywani mwake hadi kwenye maiki, na waya unaotoka kwenye maiki kwenda redioni. Swali la kwanza kwa fundi yeyote wa simu za gari ni hili: asiyesikia ni nani, uliye ndani ya gari au aliye upande wa pili? Ukishalijibu, nusu ya gari imeondoka kwenye mashaka.

Fundi aliyepelekewa gari hakuliuliza. Alisikia "simu haisikiki", akaihukumu redio. Simwiti tapeli. Redio za Kijapani zimempita nyingi mikononi, na hoja aliyokuwa nayo ni ya kweli: FM ya Japani huanza megahezi 76 na kuishia 95, yetu hupanda mpaka 108, kwa hiyo redio ile ilikosa vituo vyetu vingi. "Maalimu, hii haifai huku. Tuing'oe, tukutilie ya Android." Lakini huo ulikuwa ukweli wa jambo jingine. Mgonjwa alikuja na kikohozi, akatibiwa mguu.

Akachukua spana namba 10, akafungua kichwa cha betri. Kwa mtu anayegusa nyaya hiyo ni desturi njema, na ndiyo iliyomaliza kazi. Baadhi ya redio za Kijapani huweka programu ya kuwashia ndani ya kadi ya SD ya ramani. Umeme usipokatika, redio inaendelea na kazi. Ukikatika, inaidai ile kadi, na bila kadi haifungui kitu. Ya Maalimu haikuwemo. Gari nyingi hufika kwetu tundu la kadi likiwa tupu. Betri iliporudishwa, kioo kiliwaka maandishi ya Kijapani na kikabaki hivyo hivyo. Sasa hakuna simu, hakuna kaswida, hakuna kamera ya nyuma. Lalamiko dogo la sauti ya mbali lilikuwa limezaa redio mfu, na Maalimu akalipia redio mpya kwa fedha iliyozidi pensheni yake ya mwezi.

Redio mpya ilikuja ikiwa na maiki yake ndogo kwenye uso wake. Ikafungwa, wanawe wakapigiwa. Wakasema baba bado yuko mbali, na sasa anachanganyika na upepo wa kiyoyozi.

Hapo ndipo alipokuja binti wa kaka yake, aliyesomea umeme katika Kituo cha Mafunzo ya Amali Vitongoji. Alikaa kiti cha dereva, mikono mapajani, bila chombo chochote.

"Ami, kabla redio haijatolewa, wewe ulikuwa ukiwasikia?"

"Nikiwasikia vizuri, mwanangu."

"Na wao?"

"Wao ndio hawanisikii."

"Lilianza lini?"

Maalimu alifikiri. Lilianza karibu na siku zile alizotandika zulia la manyoya juu ya dashibodi ili jua lisiipasue. Binti akashika pembe ya zulia, upande wa usukani, akaivuta taratibu maana ilikuwa imegandishwa kwa gundi. Chini yake palikuwa na maiki ya zamani, nyeusi, tundu lake limejaa nyuzi za manyoya na gundi iliyokauka. Waya wake mwembamba ulizama ndani ya dashibodi hadi pale ilipokuwa redio ya Kijapani. Ulikuwa mzima, haujakatika popote.

Kwa hiyo jaribio ambalo lingeokoa pensheni ya mwezi lilikuwa kufunua zulia na kupiga simu moja. Hata bila kulijua zulia, njia ipo. Jaribu kwanza simu ya mtu mwingine kwenye gari ile ile. Ikifanya vizuri, ubaya uko kwenye simu yako. Kisha futa jina la gari kwenye simu, na jina la simu kwenye gari, pande zote mbili, uziunganishe upya. Halafu zima injini na kiyoyozi, sogeza kinywa karibu na maiki, umuulize uliyempigia kama sauti imebadilika. Ikibadilika, maiki inafanya kazi ila kuna kitu kinaiziba au kuielemea. Waya hufuatwa baada ya hayo. Redio hung'olewa mwisho kabisa.

Nyimbo na simu hupita njia mbili tofauti ndani ya Bluetooth, na hili huwachanganya wengi. Nyimbo zikisikika na simu ikabaki kulia mfukoni, mara nyingi kwenye mipangilio ya simu sehemu ya midia imewashwa na ya kupiga imezimwa. Tena sauti ya mtu kwenye gari za zamani huwa nyembamba hata kama hakuna ubovu. Kabla ya kanuni mpya za Bluetooth za mwaka 2011, njia ya simu ilichukua sampuli 8,000 tu za sauti kwa sekunde, na baada yake zikaweza kufika 16,000, wakati wimbo wa sidii una 44,100. Ukilinganisha simu na wimbo utajiona una ubovu usio nao.

 

Binti alimtafutia Maalimu maiki ya waya, akaibana juu, kando ya kivuli cha jua, mbali na matundu ya kiyoyozi na mbali na spika, kwa sababu spika ikiwa karibu, anayepiga hujisikia mwenyewe. Wakaijaribu barabara ya Wawi, injini ikinguruma, vioo vimefungwa, kisha vimefunguliwa. Binti wa Maskati akasema sasa baba yuko karibu.

Lakini binti huyo wa kaka yake hakumkabidhi funguo hivi hivi. Alimkumbusha kwamba mwaka 1997 watafiti Redelmeier na Tibshirani walichapisha utafiti uliofanywa Toronto: dereva anayezungumza na simu alikuwa katika hatari ya kugonga mara nne zaidi, na waliotumia simu bila kuishika hawakuonekana kuwa salama kuliko wengine. Mikono ilikuwa huru, akili haikuwa. Na barabara zetu, msimu wa karafuu, zina majamvi yaliyoanikwa pembeni na watoto waliochuchumaa wakigeuza karafuu hatua mbili tu kutoka kwenye lami.

"Ami, pokea, sema uko njiani, kata. Mazungumzo yawe gari imesimama."

Redio ya Kijapani imo kwenye sanduku chini ya kitanda cha Maalimu. Mwanawe wa Dar es Salaam anaendelea kuitafutia kadi, na maiki yake ya zamani imeshasafishwa, imefungwa kwenye karatasi pamoja nayo.