Zilizobaki Chini ya Chupa

Seli za panya zinazokuzwa maabara huishi ndani ya chupa bapa, zimejishika chini, zikilishwa maji ya virutubisho yenye rangi ya waridi katika nyuzi 37, joto lile lile la mwili. Zikijaa sana, maji hugeuka manjano. Mtafiti anatia methotreksati, dawa ya saratani. Siku chache baadaye nyingi zimekufa, zimeachia, zinaelea. Chini zimebaki chache. Hizo zikizaana zikaijaza chupa, dozi inaongezwa, na kufa kunaanza upya. Miezi ikipita, hupatikana seli zinazokaa raha mustarehe ndani ya sumu iliyowamaliza jamaa zao.

Mhubiri angepata hotuba papo hapo: ndivyo moyo unavyoota sugu, dhambi kidogo leo, kidogo kesho. Lakini dawa haikuzifunza seli hizo kitu. Mwaka 1943 Salvador Luria na Max Delbrück walionyesha, kwa bakteria, kwamba wenye kustahimili huwa wamekwishazaliwa kabla adui hajafika. Kwa seli za wanyama pia mara nyingi huwa hivyo. Dawa ni ungo, inapepeta tu. Tangu nilielewe hilo nimekuwa mzito kukubali kwamba mateso humfunza mtu. Labda tunawasikiliza waliobaki kwa sababu waliopeperushwa hawapo kusema.

Mwaka 1978 kundi la Robert Schimke, wa Chuo Kikuu cha Stanford nchini Marekani, lilieleza seli hizo zilivyopona. Methotreksati hukizuia kimeng'enya ambacho bila hicho seli haiwezi kutengeneza DNA. Seli sugu zilikuwa zimeirudufu jeni ya kimeng'enya hicho, nakala juu ya nakala, hata dawa ikazidiwa na wingi. Hazikubuni silaha mpya. Zilizidisha kile zilichopewa tangu mwanzo.

Na mzigo huo una gharama. Katika baadhi ya seli, nakala za ziada zimo kwenye vipande vidogo nje ya kromosomu, ambavyo seli ikigawanyika huangukia upande wowote, kwa bahati. Dawa ikiondolewa, zenye mzigo mwepesi huzaana upesi zaidi, na kizazi baada ya kizazi nakala hupotea. Hakuna aliyeziambia kwamba vita vimekwisha. Seli nyingine nakala zao zimeingia ndani ya kromosomu yenyewe. Hizo hukaa muda mrefu bila dawa na usugu wao uko pale pale.

Mwaka 1948, huko Boston, Sidney Farber alichapisha habari za watoto wenye saratani ya damu aliowapa dawa ya ukoo mmoja na methotreksati. Baadhi walipata nafuu, kisha ugonjwa ukarudi. Ninapowaombea wagonjwa wa namna hiyo naomba dawa iue kila seli ya saratani, hadi ya mwisho. Ila siwezi tena kuiita seli ile ovu. Inang'ang'ania kuishi, kama mtoto yule kitandani, na vifaa inavyotumia ni vya mtoto mwenyewe.