Wabadilishaji wa Namanga Hawatabiri

Watu wanaoijua biashara ya sarafu kuliko wote niliowahi kuongea nao hawana kompyuta. Wako Namanga, mpakani mwa Kenya na Tanzania, wamesimama juani na vibunda vya noti vilivyofungwa kwa mpira, kikokotoo mfukoni. Abiria hajamaliza kushuka basi, bei ishatajwa: tuseme mbadilishaji ananunua shilingi ya Kenya kwa 19 za Tanzania, na ukitaka akuuzie hiyo hiyo atakudai 19 na nusu. Hiyo nusu ndiyo unga wa watoto wake. Muulize shilingi ya Kenya itakuwa wapi mwezi ujao, atakucheka, akuulize kama umekuja kubadilisha au kupiga soga. Si malaika, niseme mapema. Wapo wanaojua kukunja noti moja ihesabike mara mbili, kwa hiyo hesabu mwenyewe kabla hujaondoka.

Kinachonivutia kwao ni jinsi wanavyoikwepa hatari. Mwenye shilingi nyingi mno za upande mmoja humtafuta mwenzake aliyejaza za upande wa pili, wapunguziane. Mbadilishaji mzoefu hapendi kulala na mzigo wa sarafu moja akitumaini kuamka tajiri. Riziki yake iko kwenye pengo baina ya bei ya kununua na bei ya kuuza, na pengo hilo hulipata shilingi ipande, ishuke.

Mwanzoni mwa 2024 mwendo huo ulionyesha faida yake. Kenya ilikuwa inadaiwa hatifungani ya dola bilioni 2 iliyotakiwa kulipwa Juni, na hofu kwamba itashindwa ilikuwa imeisukuma dola hadi karibu shilingi 160. Wenye akiba wengi wakakimbilia dola. Kwenye meza za chai mtu alizungumzia dola ya shilingi 200 kana kwamba tarehe imeshapangwa. Februari serikali ikakopa dola bilioni 1.5 mpya na kuanza kuinunua ile hatifungani ya zamani kabla ya siku yake. Mwezi huo huo ikauza hatifungani ya miundombinu yenye riba ya zaidi ya asilimia 18, na wageni wakaleta dola zao kuigombania. Kufikia mwisho wa Machi dola ilikuwa imeshuka hadi karibu 131. Aliyeinunua kwa 160 kwa sababu kila mtu alikuwa akiinunua alipoteza karibu moja ya tano ya akiba yake ndani ya majuma machache, na hakuna aliyemwibia.

Namanga, shilingi ya Kenya iliyokuwa chini ya 16 za Tanzania ikapanda kuelekea 20. Wabadilishaji wakawa wanataja bei mpya kila asubuhi, basi.

Nimekuja na habari hizi kwa sababu ya mpwa wangu. Alikuja nyumbani Mtwapa, akaniamkia vizuri kuliko kawaida, nikajua kuna jambo. "Mjomba, nataka unikopeshe elfu hamsini nizizungushe kwenye foreksi." Foreksi ni biashara hiyo hiyo ya sarafu, ila ya mtandaoni. Akatoa simu, akanionyesha mchoro wa bei, mishumaa ya kijani na nyekundu ikipanda na kushuka. Nikamuuliza yeye atakuwa upande gani wa pengo. Hakunielewa, na sikumlaumu, maana kozi aliyolipia haikumfundisha hilo. Anayebonyeza simu ndiye abiria, si mbadilishaji. Kila anapoingia sokoni hununua kwa bei ya juu na kuuza kwa bei ya chini, na tofauti humlipa broka, yaani kampuni inayomwingiza sokoni. Huanza safari akiwa nyuma, ndipo sasa atabiri.

Na hutabiri kwa mali ya kukopa. Una dola 100. Broka anakuruhusu kushika mzigo wa dola 50,000, mara 500 ya mtaji wako. Yuro ikiteleza kinyume chako kwa asilimia 0.2 tu, dola 100 zimekwenda, na kwa kawaida broka atakufungia hata kabla hazijaisha. Yuro kusogea asilimia 0.2 si tukio la kuandikwa gazetini, yaweza kutokea baina ya chai ya asubuhi na chakula cha mchana. Vijana huita hali hiyo kuunguza akaunti, nao huitaja kwa kicheko, kama mtu anayesimulia alivyoanguka na baiskeli. Kicheko hicho hakinipendezi. Mara nyingi nyuma yake kuna karo ya mdogo wa kijana huyo, au zamu ya mama yake kwenye chama.

Umoja wa Ulaya ulipochunguza jambo hili mwaka 2018, mamlaka yake ya masoko ilieleza kwamba kati ya asilimia 74 na 89 ya akaunti za watu wa kawaida katika biashara za aina hii hupata hasara. Ikapunguza mzigo ambao broka anaruhusu hadi mara 30 ya mtaji kwa sarafu kubwa. Kenya nayo ina kanuni tangu 2017, na broka wa mtandaoni anatakiwa awe na leseni ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji. Kuitafuta leseni hiyo ni kazi ya dakika chache, na anayeiruka hana haki ya kushangaa. Lakini leseni hukukinga na mwizi tu, haikukingi na ubashiri wako mwenyewe.

Mpwa akaniambia yeye huweka amri ya kukata hasara, bei ikifika mahali fulani anatolewa sokoni. Ni jambo jema, aendelee nalo. Ila Januari 15, 2015 Benki Kuu ya Uswisi, iliyokuwa imeahidi tangu 2011 kwamba yuro haitashuka chini ya faranga 1.20, iliiacha ahadi hiyo bila kumwonya mtu. Faranga ikaruka ndani ya dakika chache, na amri nyingi zikatekelezwa mbali sana na bei iliyoandikwa, kwa kuwa hapakuwa na mnunuzi katikati. Watu waliamka wakidaiwa na mabroka wao. Broka Alpari wa Uingereza akafilisika. FXCM wa Marekani akaachiwa na wateja wake pengo la dola milioni 225, akaokolewa kwa mkopo wa haraka.

Kuhusu walimu wanaofundisha foreksi kwenye Telegram sina mengi. Wengi hulipwa na broka kwa kila mwanafunzi wanayemleta, na malipo huongezeka mwanafunzi anavyozidi kununua na kuuza. Mwalimu wa namna hiyo hawezi kukwambia utulie.

Kwetu pwani kuna swali jingine. Katika Uislamu fedha hubadilishwa kwa fedha papo hapo, mkono kwa mkono, lakini kwenye foreksi biashara iliyoachwa wazi usiku huongezwa au kukatwa riba. Mabroka wamezua akaunti za Kiislamu zisizo na makato hayo. Kama zinatosha, ilhali mzigo wenyewe ni wa kukopa, aulizwe sheikh, si muuzaji wa akaunti.

Tulikaa na karatasi. Nikamwambia achukue elfu ishirini kwenye hesabu tu, apoteze mara saba mfululizo, jambo ambalo mwenye kununua na kuuza mara mamia kwa mwaka alitarajie. Akihatarisha asilimia 10 kila mara, anabaki na elfu tisa na mia tano hivi, na kurudi alikotoka itabidi azizidishe zaidi ya mara mbili. Akihatarisha asilimia 1, anabaki na zaidi ya elfu kumi na nane na mia sita. Hapo alitulia, akairudia hesabu kwenye simu yake.

Kisha akaja na hoja yake, nayo ilikuwa nzuri. "Sasa mjomba, nikienda polepole hivyo, nikapata asilimia 2 kwa mwezi, ni shilingi mia nne. Hiyo ni nauli ya siku mbili, kwenda mjini na kurudi." Ni kweli. Nikamwambia asilimia 2 kila mwezi bila kukosa ni karibu asilimia 27 kwa mwaka, na atakayeifikisha miaka mitano mfululizo mabenki yatamtafuta yenyewe. Kwa mtaji mdogo, uangalifu hauleti mshahara. Unaleta ujuzi, na ujuzi wenyewe huenda ukamwonyesha kwamba hapa si mahali pake. Hilo halikumfurahisha.

Elfu hamsini sikumpa. Tumekubaliana afanye miezi mitatu kwenye akaunti ya majaribio, kisha aweke elfu tano zake mwenyewe, alizopata kwa kazi ya kufunga nyaya za umeme, na kazi hiyo asiiache. Kila biashara aiandike daftarini kabla hajaingia: kwa nini anaingia, atatoka wapi ikimkataa, hasara ni shilingi ngapi. Amenunua daftari la kurasa 96. Anasema ni kubwa mno.