Bei ya Uso

Siku yangu ya kwanza kuuza picha nilizitundika kwenye kamba kwa vibanio vya nguo, chini ya mwembe, hapa Mwisenge, Musoma. Watu walisifu, wakapiga selfi, wakaondoka. Saa nane mgeni mmoja akanunua ile kubwa: mama anayeanika dagaa. Elfu arobaini. Nilizihesabu mara mbili.

Kijana muuza karanga alikuwa amesimama pembeni.

"Braza, huyu si mama wa pale mwaloni? Yeye kapata ngapi?"

Nikamwambia kuchapisha ni gharama, fremu ni gharama, kamera yenyewe ya mkopo. Yote kweli. Hakubisha, akaendelea kufunga karanga zake.

Mwaka 1936, huko California, Dorothea Lange alimpiga picha Florence Owens Thompson, mama maskini aliyekuwa na wanawe. Picha ikazunguka dunia. Mwaka 1978 Thompson alilalamika kwamba hakupata hata senti. Lange angalau alikuwa mwajiriwa wa serikali, na picha ile haikuwa mali yake. Mimi sina hata utetezi huo.

Mama yule aliniruhusu kupiga. Kuuza hakuniruhusu, wala hakunikataza, sikumuuliza. Nadhani nilijua kwa nini siulizi.

Jioni nilishuka mwaloni na elfu ishirini mkononi.

"Shikamoo mama. Hii ni ya ile picha."

"Marahaba mwanangu." Akazitazama noti, asizipokee. "Na picha yenyewe iko wapi? Mimi sijaiona."

Ilikuwa imeshaondoka na mgeni.