Jeraha la Mlevi



Nilipokuja likizo kutoka chuo cha dini nifundishamo ng'ambo, nilikaa siku chache Mlalo. Alfajiri moja, ukungu ungali bondeni, tulipotoka msikitini tulimkuta kijana amelala kando ya njia, ananuka gongo. Mzee mmoja akasema, "Mwacheni, amelaaniwa huyo." Mzee wa pili akavua koti lake akamfunika. Baadaye niliambiwa kwamba kijana yule utotoni alimwona mama yake akipigwa usiku hata usiku, na kwamba alianza kunywa ili apate usingizi.

Je, ni yupi kati ya wazee wale aliyefuata mwendo wa Mtume Mtukufu s.a.w.?

Hapana shaka ulevi ni haramu. Kurani Tukufu iliwaongoza watu hatua kwa hatua: kwanza ikawaonyesha kuwa dhambi ya pombe yapita faida yake (2:220), kisha ikawakataza kuikaribia Sala hali wamelewa (4:44), mwisho ikawaamuru kuiepuka kabisa (5:91). Lakini Imamu Bukhari amesimulia habari za mtu aliyeletwa mara kwa mara mbele ya Mtume s.a.w. kwa kosa la kunywa. Aliadhibiwa, ila mtu mmoja alipomlaani, Mtume s.a.w. alimkataza, akashuhudia kwamba mlevi yule alimpenda Mwenyezi Mungu na Mtume Wake. Tendo lilihukumiwa, mtu hakutupwa.

Elimu ya leo yaithibitisha hekima hiyo. Mwaka 1998, Daktari Vincent Felitti na wenzake huko Marekani walitangaza uchunguzi wa maelfu ya watu wazima. Waliopatwa na aina nne au zaidi za mateso utotoni walikuwa katika hatari ya ulevi, madawa ya kulevya, huzuni kubwa na kujaribu kujiua mara 4 hadi 12 kuliko wasiopatwa na lolote.

Sababu yake yaeleweka. Mtoto aliyelelewa katika hofu hukua na moyo kama mlinzi asiyepewa ruhusa ya kulala. Neno dogo humwasha hasira; kwa kuwa hakufundishwa kuituliza, huikimbilia chupa, mirungi au unga. Saa ile haioni kesho. Ndipo mmoja huendesha pikipiki amelewa katika kona za milimani, na mwingine huchangia sindano ingawa aijua habari ya ukimwi. Hakukosa maarifa, maumivu yamepiga kelele kuyashinda.

Wala si kila aliyejeruhiwa hulewa, wala jeraha si ruhusa ya dhambi. Nafsi iamrishayo maovu (12:54) yaweza kufundishwa hata ikawa nafsi iliyotulia (89:28). Mtume s.a.w. alimwelekeza mwenye hasira aliyesimama aketi, na isipomtoka alale; tena atawadhe. Hayo hufundishwa kwa kuzoezwa, si kwa kukemewa.

Na dawa isidharauliwe. Mnywaji wa siku nyingi akiacha ghafla aweza kutetemeka, kupata kifafa, hata kufa, apelekwe hospitali. Kwa watumiaji wa heroini, Muhimbili ilianza kutoa methadoni mwaka 2011. Na katika milima yetu hii ya Usambara, makao ya Lutindi, yaliyoanzishwa mwaka 1896 kwa watoto waliookolewa utumwani, baadaye yaligeuka hospitali ya wagonjwa wa akili. Kuwatunza waliojeruhiwa si jambo geni kwetu.

Basi, ndugu yangu, kesho ukimkuta mlevi njiani, usiulize tu amekunywa nini. Uliza anakimbia nini. Kisha mfunike, mpeleke, mwombee. Na nyumbani kwako zuia mkono wako, maana huenda mtoto akutazamaye leo ndiye atakayelala njiani kesho.

Mwenyezi Mungu atujalie kuwa dawa ya majeraha, wala si chumvi yake. Amin.