USO TULIOPEWA NA MUNGU

Somo: 1 Samweli 16:1–13



Samweli alipomwona Eliabu, kijana mrefu wa sura nzuri, alidhani ndiye mfalme. Bwana akamkatalia. Aliyechaguliwa alikuwa bado malishoni na kondoo, wala hakuna aliyekumbuka kumwita.

Neno hili latuhusu sisi wa Dodoma. Mkorogo ungali unauzwa, na dada zetu, hata na kaka zetu, wanajichubua. Si jambo geni. Mwezi Oktoba 1968 vijana wa TANU walipitisha azimio la kukataza nguo fupi, nywele za bandia na dawa za kujichubua, lianze Januari 1969. Miaka mingi imepita, na mkorogo tunao. Sheria yaweza kuondoa kopo dukani. Haiwezi kuondoa moyoni aibu ya kuwa mweusi.

Aibu hiyo hutoka wapi? Mara nyingi hutoka vinywani mwetu. Mume amsifu mwanamke mweupe mbele ya mkewe. Shangazi amwambia binti, "Mbona umekuwa mweusi hivyo?" Binti hanyamazi moyoni, huenda dukani. Baadhi ya dawa hizo zina zebaki, nayo hudhuru figo. Nyingine huacha ngozi nyembamba, yenye mabaka.

Weusi wetu ni mwavuli chini ya jua kali la nyanda hizi. Ndugu zetu wenye ualbino, waliozaliwa bila mwavuli huo, hutafuta kofia na mafuta ya kuwakinga na saratani ya ngozi. Sisi tuliopewa bure, twautupa?

Hatusemi kwamba uso usitunzwe. Huko Kongwa, uchunguzi uliotolewa mwaka 1995 ulionyesha kwamba kuwanawisha watoto uso husaidia kupunguza ugonjwa wa vikope, ambao huweza kupofusha. Mama anayegawa maji machache ya ndoo ili mwanawe asipofuke, huyo anautunza uso kwa jinsi impendezayo Mungu.

Hata mautini hatuachi. Marehemu hupakwa poda na rangi ya midomo, nasi tukipita mbele ya jeneza twasema, "Amependeza." Kuosha na kuvika maiti ni tendo la upendo, Yusufu wa Arimathaya na Nikodemo waliufunga mwili wa Bwana wetu katika sanda pamoja na manukato (Yohana 19:38–42). Lakini mjane akibaki na deni la jeneza la fahari, na watoto hawana madaftari, je, tumempamba nani?

Tukumbuke, wapendwa, kwamba Bwana alipofufuka hakuzificha kovu zake. Kwa kovu hizo Tomaso alimtambua (Yohana 20:27). Basi mwili anaoujali Mungu ndio huu huu, wenye rangi yake, mikunjo yake na kovu zake.

Kwa hiyo juma hili kila baba na amsifu mkewe na binti zake, nao wasikie. Tuache maneno ya kudharau rangi. Na wazee wa kanisa, mnapokaa na wafiwa, wasaidieni kuchagua jeneza la kiasi, ili walio hai wapate kula.

Mungu aliyetuumba kwa mfano wake atupe macho ya kuona kama aonavyo yeye. Amina.