Dau la Kabaila

Tunapozungumzia ukabaila wa Unguja wa karne ya 19, ni desturi yetu kuhesabu mikarafuu na kusahau nyoyo. Lakini wenye mashamba wale walikuwa watu wa mashindano. Walishindana kwa farasi na majogoo, kwa harusi na fahari ya nyumba. Na wengi waliweka mashamba yao rehani kwa wafanyabiashara wa Kihindi ili wasionekane wanyonge mbele ya jirani. Twauliza basi: je, aweza kuitwa jasiri mtu awekaye dau la roho za wengine?

Tumtazame Salme, binti wa Seyyid Said, aliyezaliwa mwaka 1844. Katika nyumba ya kaka yake Majid ndipo alipojifunza kulenga shabaha. Kuandika alijifundisha mwenyewe kwa siri. Baba yao alipofariki mwaka 1856, Majid akashika usultani, na Barghash akautamani. Salme, msichana wa miaka 15, akamwacha aliyemtunza akamfuata Barghash, akawa mwandishi wake wa barua. Mwaka 1859 waasi walijizatiti katika shamba liitwalo Marseilles. Wanamaji wa Kiingereza wakamsaidia Majid, Barghash akahamishiwa Bombay. Salme alipoteza mapenzi ya nduguze. Waliokufa pale shambani walipoteza vyote, nao hawakuwa na urithi wowote wa kugombea.

Penzi lake ni jambo jingine. Heinrich Ruete, mfanyabiashara Mjerumani, alikuwa jirani, na mapaa ya nyumba zao yalikaribiana. Mwaka 1866, akiwa mjamzito, Salme alitoroka kwa manowari ya Kiingereza. Mwaka 1867 akabatizwa na kuolewa huko Aden. Mwaka 1870 mumewe akafa kwa ajali ya tramu mjini Hamburg. Wako wanaomhukumu kwa neno moja tu, kwamba alisaliti. Sisi hatuoni hivyo. Safari hii dau lilikuwa lake mwenyewe: jina, dini, nchi na jamaa, nalo alililipa mpaka senti ya mwisho. Aliporudi Unguja mwaka 1885 kudai urithi wake, Barghash, yule yule aliyemwandikia barua za uasi, alikataa kuonana naye.

Hata hivyo kuna jambo linalotukereketa. Mama yake, Jilfidan, alikuwa suria, aliyetekwa utotoni huko Circassia. Watumwa wa mashamba nao hawakuweza kuoana bila idhini ya bwana. Na bado, katika kitabu cha maisha yake kilichotolewa mwaka 1886, Salme aliutetea utumwa wa kwao. Mwanamke aliyevuka bahari kwa hiari ya moyo wake hakuitambua hiari hiyo kwa waliomlimia.

Amri ya mwaka 1897 iliyoondoa utumwa Unguja na Pemba iliwapa mabwana fidia. Masuria haikuwahusu, wao walingoja hadi mwaka 1909.