Watoto na Simu Siku za Kufungwa Shule

Shule zimefungwa, na watoto wetu washinda na simu. Wenye TikTok wameweka sharti kuwa aliye chini ya miaka 13 asiitumie. Sisi twamwachia hata wa miaka 10, kisha twaenda zetu barazani kunywa kahawa!

Mtoto humpiga picha mwenziwe akilia, akaipeleka kwa rafiki zake wapate kucheka. Hiyo ndiyo dhihaka iliyokatazwa katika Suratul-Hujurat, aya ya 11. Na aliyemdhulumu mja yampasa amtake radhi na kuondoa dhulma yake. Walakini picha hiyo, hata akiifuta, nakala walizokwisha kuziweka wengine zabaki. Ataziondoaje?

Basi keti naye usiku mmoja, umweleze haya kabla hajayatenda. Asitume picha ya mtu bila ya idhini yake, na baada ya Isha simu ilale chumbani mwako. Nawe, bwana, usieneze habari usiyoihakikisha. Aya ya 6 ya sura hiyo yatuhusu kwanza sisi wenye ndevu.